Uzito wa Mwezekaji Asiku

Mume wangu Asiku alikuwa mwezekaji wa nyasi, na sisemi hivyo kwa unyonge. Kuanzia Pajulu, kwetu karibu na mji wa Arua, mpaka Ombaci, na kaskazini mpaka Koboko, mtu aliyejenga nyumba ya mviringo na kutaka isivuje alimtafuta yeye. Kuezeka pembeni, kule chini paa linakoanzia, hata mimi naweza ukinipa siku mbili na ukanyamaza. Kazi iko juu. Fito zote za paa hukutana pale zikiwa nyembamba, na ni lazima mtu mmoja akae juu yake, azungushe mganda wa mwisho wa nyasi, aufunge kwa kamba na kuukaza mpaka maji ya mvua yakose njia. Pale ndipo kileleni. Aliyefunga kilele ndiye aliyepewa mkono na mwenye nyumba. Wengine walilishwa tu, wakaenda zao.

Kwa miaka kumi na tatu aliyefunga kilele alikuwa Asiku. Alikuwa mrefu, mkavu, miguu yote mifupa na mishipa. Mimi nilifika Pajulu na baba yangu mwaka wa sitini na nne, tukitoka Bunia wakati wa vurugu za Kongo, na mara ya kwanza kumwona alikuwa juu ya paa, sigara mdomoni. Nikamuuliza baba, yule mutu hana wa kumpikia? Mwaka uliofuata nilikuwa mke wake, basi swali hilo likahamia kwangu.

Na nilipika. Lakini Asiku alikula kama mtu anayelipa faini: matonge manne, matano, kisha mkono unatafuta tumbaku. Tumbaku kwetu haikuwa kitu cha kutafuta mbali, imelimwa kila upande. Aliisokota katika karatasi ya gazeti, akavuta akiamka, akavuta akila, akavuta akiwa ameketi juu ya nyasi kavu mwezi wa kwanza, upepo ukivuma. Nikimsema, ananiambia hajawahi kuunguza hata kifaranga.

Mwezi wa kwanza mwaka wa sabini na nne aliunguza nyumba ya Natalina. Natalina alikuwa mjane mzee, jirani yetu hapo Pajulu, na Asiku alikuwa akimfungia kilele kipya. Cheche moja ya sigara ilitosha. Asiku aliruka chini na viganja vimebabuka, na kabla sijafika na mtungi, paa lote lilikuwa limekaa chini. Natalina mwenyewe alikuwa nje anatwanga simsim, Mungu ni mwema, lakini kitanda, blanketi na gauni lake la Jumapili viliteketea. Hakumtukana Asiku, ingawa mimi ningemtukana mpaka jua lizame. Alimuuliza tu, "Sasa nitalala wapi, mwanangu?"

Neno hilo lilimkata maini. Asiku alijenga ile nyumba upya kwa mikono yenye vidonda, kwa nyasi zetu, na blanketi letu likahamia huko. Alipomaliza alishuka, akatoa mfukoni tumbaku yote, akaitupa jikoni kwa Natalina katikati ya makaa, akasema mbele ya watu, "Mimi hapana vuta tena."

Mimi nilimpa siku tatu. Nilikosea, na katika mambo niliyowahi kukosea hilo ndilo linalonifurahisha zaidi.

Wiki za kwanza hakukaliki naye. Alitoa jasho, alimgombeza mbuzi, alinigombeza mimi kwa sababu mbuzi hakujibu. Kisha siku moja alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna, akanitazama kana kwamba nimemficha kitu tangu tuoane. "Mama Pasca," akasema, "hii mboga iko na chumvi."

"Iko na chumvi tangu mwaka ya sitini na tano," nikamjibu.

Tangu siku hiyo akawa anakula. Alifuta sahani, akatazama sahani ya Pasca, binti yetu, na mtoto akajifunza kula haraka. Mikono yake ilikosa kazi, kwa hiyo mfuko uliokuwa wa tumbaku ukawa wa karanga za kukaanga. Nami, mwanamke mjinga, niliona raha. Miaka yote hiyo nilikuwa nampikia mtu asiyeonja, na sasa ananisifu mbele ya wageni! Nilitia simsim ya kusaga kwenye kila kitu, kwenye mboga, kwenye maharage, hata kwenye viazi. Na huko kazini mwezekaji hulishwa na mwenye nyumba asubuhi, mchana na jioni. Ni heshima, mwezekaji akishuka na njaa ni aibu ya mama wa nyumba hiyo. Zamani heshima hiyo ilimpita pembeni. Sasa ilimkalia kiunoni.

Kufika wakati wa mavuno mashavu yalikuwa yamejaa. Kisha shingo. Kisha suruali ikakataa kufungwa, tukaisaidia kwa kamba ya kuezekea. Miaka hiyo watu waliopewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa walikuwa wamenenepa ghafla, mjini wanaitwa mafutamingi, na Asiku akipita sokoni Arua wauza samaki walimuuliza, "Wewe walikupa duka gani, mzee?" Alicheka. Mimi pia nilicheka, tena nilitembea mbele yake kwa madaha.

Kicheko kiliisha Desemba. Alikuwa anamwezekea mwalimu mmoja huko Ombaci. Alipanda kileleni kama siku zote, akaketi kama siku zote, na ufito ukalia kwa sauti iliyosikika barabarani. Ukafuata wa pili. Asiku aliingia ndani ya paa mpaka makwapani, mikono nje, miguu inaning'inia chumbani mwa mke wa mwalimu, ambaye alikuwa anamwogesha mtoto. Waliomtoa walimsukuma kutoka chini huku wanacheka, naye alicheka nao. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwa upole kwamba labda Obeti amalizie.

Obeti alikuwa rafiki yake na mwenzake wa kazi tangu ujana, mwembamba vilevile kama Asiku wa zamani, sigara haitoki mdomoni. Obeti akapanda, akafunga kilele. Asiku akabaki chini kumrushia miganda.

Jioni hiyo alikaa mlangoni bila kula. Nilidhani mgongo unamuuma. Akaniambia, "Mama Pasca, mimi nikikaa chini, mimi ni nani?" Kulima alilima kama watu wote, na ng'ombe hakuwa naye. Alichokuwa nacho Asiku duniani, kilichofanya watu wamwite kwa jina lake badala ya "wewe", kilikuwa pale juu, mahali pa kukaa mtu mmoja.

Obeti alikuja kumpa pole, na sina hasira naye, alimpenda. Alimwambia, "Ndugu, wewe vuta tu. Moja asubuhi, moja jioni. Moshi nakausha mwili. Mbele ya Pasaka utapanda." Akaacha sigara mbili juu ya kigoda, za dukani, si za kusokota.

Nitasema ukweli. Obeti hakuwa amedanganya; sote tulijua mwili ule mkavu ulitoka wapi. Nilizitazama zile sigara, nikamtazama mume wangu alivyoinama, na moyo wangu ukasema, avute. Sikulitamka neno, lakini lilifika kwenye meno. Asiku alizitazama mpaka jua likagusa vilima. Kisha akazichukua, akaenda nazo kwa Natalina, akakaa chini ya paa alilomjengea, akarudi mikono mitupu. Baadaye Natalina aliniambia kwamba aliyezivuta ni yeye, si Asiku, zote mbili, na kwamba zilikuwa nzuri.

Basi njia iliyobaki ilikuwa moja, kupunguza uzito bila moshi, na Asiku aliianza kwa namna ya wanaume: kwa siri na kwa mara moja. Hakuniambia hata mimi. Mwanamume kusema "napunguza chakula" katika nchi ambayo kila mtu anaijua njaa, aliona haya. Mchana kutwa hali kitu, jioni mwili unamshinda, anakula cha mchana na cha jioni na cha kesho. Mimi niliona anakuwa mkali na macho yamezama, nikadhani ni huzuni, nikamwongezea simsim.

Februari mwaka wa sabini na tano alikwenda Lurujo, upande wa Koboko, kumwezekea mama mmoja aitwaye Elena. Mume wa Elena alilima muhogo na mtama, na Elena alisifika kwa maharage yake ya karanga. Kazi haikuwa imefika juu bado. Mchana wa siku ya pili Elena aliwaletea waezekaji chakula. Asiku alikuwa ameapa kushinda na njaa, lakini harufu ilimwangusha, akamaliza sahani. Elena, kwa furaha, akaleta ya pili. Hapo Asiku akatafuta uongo wa haraka, akaokota mbaya kuliko wote. Akashika tumbo, akasema, "Hapana, dada. Tumbo langu nauma."

Mgeni kutoka mbali asingeona kosa. Lakini kwetu hakuna kitu watu wanachokiogopa kama sumu ya chakula. Mpishi huonja kwanza mbele yako ndipo ule. Mtu aliyekula kwako, akashika tumbo mbele ya watu na kukataa kuongezwa, amekwisha sema. Elena alisimama na sahani mkononi. Wengine wakarudisha matonge yao chini, mmoja mmoja, bila kutazamana. Asiku akaona alichofanya, na kwa kutaka kukirekebisha akaongeza, "Ni kidogo tu, itapita." Hiyo ndiyo ilimaliza kabisa. Kazi ilisimama siku hiyohiyo, akapanda baiskeli yake akarudi Pajulu, akaniambia nyasi zimekwisha.

Nikaamini. Mwaka mzima hakuna aliyemwita kutoka Koboko, naye alisema ni kwa sababu ya tumbo, watu wamesikia habari za Ombaci. Kweli ilikuwa kwa sababu ya tumbo, lakini si kwa namna aliyonieleza.

Mwezi wa kumi na moja alikuja kwetu Draku, katekista wa Lurujo, baiskeli imejaa vumbi na yeye pia. Wakristo wa huko walikuwa na kanisa lisilo na paa. Walikuwa wamengoja mabati miaka miwili, na maduka ya miaka hiyo yalikuwa na kaunta na mwenye duka, basi. Wakaamua kuezeka kwa nyasi, nyumba ya mviringo kubwa kuliko zote walizowahi kuona, iwe tayari kwa Pasaka. Obeti walikuwa wamemwomba, amekubali. "Lakini kilele kama ile, sisi tunataka Asiku," akasema Draku. Akanywa maji, akaona haya kidogo. "Shida iko moja. Wamama wanakataa kupika. Wanasema, ule mutu wa tumbo asikuje."

"Tumbo gani?" nikauliza.

Draku akanieleza yote. Akanieleza pia kwamba tangu siku ile majirani wa Elena waliwakataza watoto kula kwake, na kwamba kwenye msiba mmoja chungu chake kilirudi nyumbani kimejaa, hakuna aliyekigusa. Nilimgeukia mume wangu. Ningempiga kwa mwiko, na mwiko ulikuwa karibu, ila katekista alikuwapo.

Draku alipokwenda kunawa, Asiku akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hakuwa mgonjwa, kwamba mwaka mzima amekuwa akijinyima mchana ili mwili urudi, na kwamba haurudi. Nililia. Kisha nikakasirika kwa sababu nimelia. "Mwaka muzima," nikamwambia, "wewe unapunguza na mimi naongeza. Tuko kama batu wawili wanavuta kamba moja. Na mama wa watu huko anaitwa mchawi juu ya haya yako."

Jumapili ya kwanza ya Desemba tulikwenda Lurujo mimi na yeye. Watu walisali ndani ya ule ukuta usio na paa, jua likiwapiga kichwani. Baada ya sala Draku alimpa nafasi. Asiku alisimama mbele.

"Mimi ni Asiku, mwezekaji," akasema. "Nilikula kwa Mama Elena. Chakula ilikuwa nzuri. Tumbo yangu haikuuma. Nilidanganya. Mimi niliacha tumbaku, mwili ikakuwa mkubwa, fito inavunjika. Nilitaka kupunguza kula, nikaona haya kusema. Ile tu. Mama Elena hakuweka kitu."

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Geuka upande, tuone."

Alikuwa Elena. Asiku akageuka upande, na tumbo likaonekana na watu wote mbele ya ukuta. Mtu mmoja akakohoa kuzuia kicheko, wa pili hakuzuia, na kanisa zima likaangua. Elena hakucheka. Alikuja mbele taratibu, akalisukuma lile tumbo kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo ilisema mimi ni mchawi?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa nini hukusema una haya?"

Asiku akatazama tumbo lake.

"Haya yako ilikaa kwangu miezi kumi," akasema Elena. "Wewe ulirudi kwenu, mimi nikabaki nayo."

Asiku alipiga magoti. Mwanamume mzima, mbele ya wanawake na watoto, kwenye vumbi. Akasema, "Nisamehe." Nami nilipiga magoti kando yake, maana maharage yaliyokataliwa miezi kumi si kitu cha kuombewa radhi na mtu mmoja.

Elena alituacha hapo kidogo, na alikuwa na haki. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Utakuja kuezeka. Mimi ndiye nitapika. Kila siku, tonge ya kwanza utakula mbele ya watu, kutoka chungu changu mimi. Ukishameza hiyo moja, nyingine ni shauri yako. Ukitaka kula, kula. Ukisema umeshiba, umeshiba."

Tazama mwanamke huyo. Kwa maneno hayo machache alisafisha jina lake na akamfungulia mume wangu mlango. Mwaka mzima Asiku alikuwa anatafuta namna ya kukataa chakula bila kumtukana mpishi, na Elena aliipata akiwa amesimama. Tulirudi Pajulu tukiwa na miezi mitatu kabla ya kazi kuanza.

Tulianza upya, safari hii watu wawili upande mmoja wa kamba. Simsim ikawa ya Jumapili. Karanga zikatoka mfukoni, na akihisi mkono unatafuta, alitafuna bua la nyasi. Sikumwacha ashinde na njaa hata siku moja. Alikula asubuhi, mchana na jioni, kidogo kidogo, majani ya kunde mengi, ugali wa ngumi moja. Baiskeli ikaegeshwa. Tena akarudi kukata nyasi mwenyewe, kazi ambayo waezekaji wakubwa huwaachia wanawake. Tulikwenda naye kila asubuhi, akainama na kusimama, akabeba miganda kichwani, na wanawake wa Pajulu wakamwita shemeji mpya wa kundi letu. Alizoea. Siku nyingine aliimba.

Mizani hatukuwa nayo. Mizani yake ilikuwa hii: kila Jumapili baada ya misa aliweka mawe mawili uani, akalaza ufito juu yake, ufito wa unene wa kileleni, akaupanda kwa miguu yote miwili. Jumapili ya kwanza ulivunjika kabla hajaleta mguu wa pili. Ya pili, vilevile. Desemba yote tulipikia fito zake, na zilikuwa kuni nzuri. Krismasi ilituharibia, sitakataa. Kulikuwa na mbuzi na pombe ya kwete, na Jumapili iliyofuata ufito ulivunjika kwa dharau. Asiku aliketi juu ya jiwe akasema, "Moja tu ingenisaidia." Alikuwa na maana ya sigara. Nikamwambia, "Inuka tukakate nyasi." Ilikuwa Jumapili, lakini Mungu aliona hali yetu. Akainuka.

Mwisho wa Januari ufito ulipinda, ukalia, ukamshika mpaka nikahesabu tano. Februari ulimshika mpaka nikachoka kuhesabu. Hakuwa amerudi kuwa Asiku wa zamani, na mtu asikudanganye. Tumbo lilipungua, likabaki la mtu anayekula kwake, na mpaka leo liko. Alichopata ni kitu kingine. Kwa kusimama juu ya fito zote zile alikuwa amejifunza mahali pa kuweka mguu: karibu na fundo, si katikati, na uzito uugawe kabla mti haujakuuliza.

Machi tukahamia Lurujo. Kila mchana Elena alileta chungu, akaonja, kisha Asiku akachovya tonge moja, akameza, watu wanatazama koo lake. Siku ya kwanza walitazama kwa makini. Siku ya nne hakuna aliyetazama tena, wote walikuwa wanakula.

Paa lilipanda, siku ya kumi na moja likabaki tundu la kileleni. Lilikuwa juu kuliko nyumba yoyote waliyowahi kuezeka. Asiku alilitazama, akasema mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, "Obeti aende. Yeye ni mwepesi."

Obeti akapanda. Alikwenda vizuri mpaka nusu. Hapo akasimama, akashika kamba, akakohoa. Tulingoja kikohozi kiishe. Hakikuisha. Alikohoa mpaka mabega yanarukaruka, akajaribu hatua mbili, akakohoa tena, na tukaona anaanza kushuka polepole kwa kinyumenyume. Alipofika chini macho yalikuwa mekundu, akaketi kwenye mganda. "Ndugu," akamwambia Asiku, "fito hapana shida. Hewa ndiyo imeniishia."

Asiku akavua viatu. Akavua na shati, na wanawake wa Lurujo walipoliona lile tumbo maarufu wakapiga vigelegele vya kumtania, Elena akiongoza. Akacheka, akajifunga kamba, akapanda. Sikuweza kutazama na sikuweza kuacha. Mguu kwenye fundo, mguu kwenye fundo. Nusu ya njia, pale aliposhindwa Obeti, hata hakusimama. Karibu na juu, ufito mmoja ulilia, na watu wote wakavuta pumzi. Asiku alitulia, akahamisha mguu upana wa kiganja, akaendelea. Kisha alikuwa ameketi kileleni, mahali pa mtu mmoja, kama mtu aliyerudi kwenye kigoda chake.

Alizungusha mganda wa mwisho. Akafunga, akakaza, akafunga tena. Draku aliinua mikono miwili, Obeti akapiga makofi akiwa ameketi, watoto wakalizunguka kanisa mbio. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, na machozi yalikuwa yanatoka na sikuyafuta.

Lakini Asiku hakushuka. Kazi imekwisha, kamba imekatwa, naye amekaa tu huko juu, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza upande wa vilima. Dakika zikapita. Nikasogea chini ya ngazi, nikamwita, "Baba Pasca! Umekwama?"

Miaka yote ya tumbaku, mtu yule hakuwahi kujibu neno akiwa kileleni bila kukohoa kwanza. Safari hii sauti ilishuka nzima, safi, ikasikika mpaka barabarani.

"Sijakwama, Mama Pasca. Ngoja kidogo. Niko napumua."